Tiba ya homoni baada ya kutolewa kizazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa wanawake wa Dodoma mjini na wilayani waliotolewa kizazi, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 50, na mara nyingine kutoka kwa mabinti zao wanaowasindikiza kliniki. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekuona, bali yanakusaidia kufika mbele yake ukijua la kuuliza. Karibu kila jibu linategemea mambo mawili: kama ovari zako zilibaki, na ni miaka mingapi imepita tangu zilipoacha kufanya kazi. Kwa hiyo soma kwanza sehemu ya mwanzo, hata kama swali lako liko mwishoni.

## Kilichotolewa na kilichobaki

1. Nilitolewa kizazi. Je, homoni zangu ziliisha siku hiyohiyo?

Si lazima. Kizazi ni mfuko wa kubebea mimba, lakini homoni ya estrojeni hutengenezwa hasa na ovari, yaani vifuko viwili vya mayai vilivyo kando yake. Mwanamke aliyetolewa kizazi huku ovari zikiachwa hataona hedhi tena wala hatabeba mimba, ila ovari zitaendelea kumpa estrojeni mpaka zitakapochoka zenyewe. Kwa wanawake wengi hilo hutokea wanapokaribia miaka 50, na kwa waliofanyiwa upasuaji huu mara nyingi hutokea mapema kidogo.

Ovari zote mbili zikiondolewa kabla ya wakati huo, estrojeni hushuka ndani ya siku chache, na dalili za ukomo wa hedhi huja zote kwa pamoja na kwa nguvu: joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu, maumivu ya viungo na ukavu ukeni. Wanawake wengi wa kwetu walitolewa kizazi kwa dharura, damu ilipokataa kukata baada ya kujifungua au kizazi kilipopasuka, na katika dharura ya namna hiyo kwa kawaida ovari huachwa. Miongoni mwa waliotolewa kwa ajili ya uvimbe au saratani, hasa wakiwa watu wazima zaidi, wapo ambao ovari ziliondolewa pamoja na kizazi.

2. Sijui kama ovari zangu zilitolewa. Nitapata wapi habari hiyo?

Tafuta kwanza karatasi ya kuruhusiwa uliyopewa siku ya kutoka wodini. Ikiwa imepotea, nenda kitengo cha kumbukumbu cha hospitali uliyofanyiwa upasuaji, ukitaja mwaka na jina ulilolitumia wakati ule, kwa sababu mafaili mengi hayapatikani tu kwa kuwa mama aliandikishwa kwa jina la mume au la baba. Uliza mambo matatu na uombe yaandikwe: kama ovari moja au zote mbili ziliondolewa, kama mlango wa kizazi uliachwa, na majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara yalisemaje.

Faili lisipopatikana, altrasaundi inaweza kusaidia, lakini ovari za mwanamke aliyekoma hedhi husinyaa na mara nyingi hazionekani, hivyo kutoonekana kwake si ushahidi kwamba zilitolewa.

Naamini kwa dhati kwamba hakuna mwanamke anayepaswa kuruhusiwa kwenda nyumbani bila kuelezwa mambo haya kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kama una binti au mdogo wako anayekwenda kufanyiwa upasuaji huu, muulizie kabla hajatoka wodini.

3. Sina hedhi tangu upasuaji. Nitatambuaje kwamba nimefikia ukomo wake?

Kwa mwanamke mwenye kizazi, ukomo huhesabiwa pale anapokaa miezi 12 bila hedhi. Wewe huna alama hiyo, kwa hiyo dalili ndizo zinazosema. Ukiwa na zaidi ya miaka 45 na una joto la ghafla pamoja na jasho la usiku, kwa kawaida daktari hahitaji kipimo cha damu ili kukubaliana nawe. Ukiwa chini ya umri huo, anaweza kupima homoni ya FSH, ile inayotoka kwenye ubongo kuziamuru ovari zifanye kazi, mara mbili, vipimo vikiachana kwa wiki kadhaa, kwa kuwa kipimo kimoja hupotosha.

4. Kila ninapopata joto na jasho naambiwa ni malaria, presha au UTI. Nitofautishe vipi?

Joto la ghafla la ukomo wa hedhi huanzia kifuani, hupanda shingoni na usoni, hudumu kwa dakika chache, kisha jasho hufuata na mara nyingine kibaridi baada yake. Kipimajoto hakionyeshi homa. Homa ya malaria huonekana kwenye kipimajoto, huja na uchovu na maumivu ya mwili, na huthibitishwa kwa kipimo cha damu. Usimeze dawa ya malaria bila kipimo eti kwa sababu umetoka jasho usiku.

Hata hivyo, sipendi mwanamke aridhike haraka upande wa pili. Jasho la usiku linaloambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kupungua uzito au homa za jioni linahitaji kipimo cha kifua kikuu. Mapigo ya moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda huku unakula vizuri kunaweza kuwa tatizo la tezi ya shingoni. Vipimo hivyo vikitoka safi, mkumbushe daktari kwamba ulitolewa kizazi na mwaka gani, kwa sababu mara nyingi jambo hilo haliulizwi kabisa.

## Dawa na namna ya kuzitumia

5. Kwa nini mimi nimeandikiwa homoni moja, na jirani yangu anatumia mbili?

Estrojeni ndiyo inayotuliza dalili. Kwa mwanamke mwenye kizazi, estrojeni peke yake hukuza utando wa ndani wa kizazi na baada ya muda inaweza kuleta saratani ya utando huo, ndiyo sababu huongezewa projesteroni ya kuulinda. Wewe huna utando huo, kwa hiyo huhitaji projesteroni. Ni nafuu ya kweli, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu kuhusu saratani ya matiti inahusu matumizi ya homoni hizo mbili kwa pamoja, kama inavyoelezwa katika swali la 10. Wapo wachache waliotolewa kizazi ambao bado wanahitaji projesteroni. Soma maswali ya 17 na 18.

6. Vidonge, kibandiko au jeli: kipi bora?

Vyote hutuliza joto la ghafla. Tofauti kubwa ni njia ambayo dawa hupitia. Kidonge hupitia kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na ini likipokea estrojeni kwa wingi huongeza utengenezaji wa vitu vinavyogandisha damu. Kibandiko na jeli hupeleka estrojeni kupitia ngozi moja kwa moja kwenye damu, na kwa dozi za kawaida hazijaonekana kuongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mama aliyevuka miaka 60, mwenye uzito mkubwa, mwenye presha, kisukari au kipandauso, ningependa njia ya ngozi izungumzwe kwanza kabla ya kidonge.

Kibandiko cha kubadilishwa mara mbili kwa wiki ni rahisi ukikipangia siku, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi. Hubandikwa chini ya kiuno, tumboni au kwenye tako, kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe safi, kavu na isiyo na mafuta, na hapa ndipo wengi hukwama: mama anaoga, anajipaka mafuta ya nazi kwa sababu ya ukavu wa hewa ya Dodoma, kisha kibandiko kinaanza kunyanyuka pembeni kabla ya jioni. Bandika kwanza, kandamiza kwa kiganja kwa sekunde kumi hivi mpaka kingo zishike, ndipo upake mafuta sehemu nyingine za mwili. Kila ukibadilisha, hamia sehemu nyingine ili ngozi isiwashwe.

Jeli hupakwa mkononi au pajani, ikaachwa ikauke kabla ya kuvaa, na mikono ikanawishwa. Kama unalea wajukuu, usiwabebe wala kuwaacha wagusane na sehemu uliyopaka mpaka ikauke na kufunikwa na nguo, kwa sababu homoni inaweza kuingia kwenye ngozi ya mtoto.

7. Nitaona nafuu baada ya muda gani?

Joto la ghafla huanza kupungua ndani ya wiki chache, lakini ipe dawa miezi mitatu kabla ya kuamua kwamba imeshindwa. Mwanzoni matiti yanaweza kuuma, na wengine hupata kichefuchefu, maumivu ya kichwa au misuli ya miguu kukaza. Mara nyingi hayo hutulia yenyewe, na yasipotulia dozi hupunguzwa. Mwanamke mwenye umri mkubwa huanzishiwa dozi ndogo kabisa, ambayo hupandishwa pale tu inapohitajika.

8. Je, nitumie vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kuwa navyo ni homoni na vinapatikana kirahisi?

Hapana. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili vina estrojeni ya kutengenezwa maabara yenye nguvu kubwa zaidi kuliko ile ya tiba ya ukomo wa hedhi, kwa sababu kazi yake ni kuzuia ovari zisitoe yai. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 50, hasa mwenye presha au anayevuta sigara, vidonge hivyo huongeza hatari ya kiharusi na ya damu kuganda, na homoni ya pili iliyomo humo huna haja nayo. Mtu akikupa paketi hiyo dukani kwa maelezo kwamba ni ileile, irudishe.

9. Kwa mkoa wetu nianzie wapi, na dawa nizitunze vipi?

Anayeishi mjini anaweza kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wengi tunaiita General, au katika Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Anayeishi Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi au Chemba aanzie hospitali ya wilaya na aombe barua ya rufaa, hasa kama anatumia bima. Kabla ya kuanza tiba, uliza mambo mawili: kama bima yako inalipia dawa hiyo kwa jina lake, na kama famasi itakuwa nayo mwezi ujao pia, kwani tiba inayokatika kila mara hurudisha dalili na kukuchosha bure. Nunua dawa yenye usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, iliyo kwenye pakiti yake na yenye karatasi ya maelezo. Dawa za homoni zinazouzwa kwa kupimiwa bila jina wala dozi usizikaribie.

Kuhusu utunzaji, soma nyuzijoto zilizoandikwa kwenye pakiti. Mwezi wa Oktoba na Novemba joto la mchana la Dodoma hupita nyuzi 30, na chumba cha bati bila dari huwa na joto zaidi ya nje. Weka dawa mahali pa chini penye kivuli, mbali na dirisha, wala usiiache kwenye dashibodi ya gari. Jeli ina spiriti ndani yake, kwa hiyo ikae mbali na jiko.

## Hofu na hatari

10. Si homoni hizi ndizo zinazoleta saratani ya matiti?

Hili ndilo swali la kwanza kwa karibu kila mama, na linastahili jibu refu. Hofu ilisambaa duniani mwaka 2002, pale utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative uliposimamisha sehemu yake iliyohusu wanawake wenye kizazi, waliokuwa wakitumia estrojeni pamoja na homoni ya jamii ya projesteroni, baada ya kuonekana ongezeko la saratani ya matiti. Kilichosikika kidogo ni kwamba utafiti huo ulikuwa na sehemu ya pili, ya wanawake 10,739 waliotolewa kizazi, wenye umri wa miaka 50 hadi 79, ambao walipewa estrojeni peke yake au kidonge kisicho na dawa. Katika sehemu hiyo saratani ya matiti haikuongezeka. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka 20, majibu yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliotumia estrojeni peke yake walipata saratani ya matiti kwa uchache zaidi kuliko wenzao.

Haki inanilazimu kusema pia kwamba mwaka 2019 uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulikuta ongezeko dogo hata kwa estrojeni peke yake, likikua kadiri miaka ya matumizi inavyoongezeka. Ukiweka matokeo haya pamoja, la hakika ni kwamba hatari kwa mwanamke asiye na kizazi ni ndogo kuliko ile iliyotangazwa mwaka 2002. Endelea kujichunguza matiti, na ukihisi uvimbe, ngozi ikivutika au chuchu ikitoa damu, nenda hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

11. Na kiharusi, je?

Hapa tahadhari ni ya kweli. Ile sehemu ya estrojeni peke yake ya utafiti uliotajwa katika swali la 10 ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi: kwa kila wanawake 10,000 waliotumia dawa kwa mwaka mmoja, wapatao 12 zaidi walipata kiharusi kuliko wasioitumia, ingawa waliovunjika nyonga walipungua kwa 6. Dawa iliyotumika ilikuwa kidonge, na wengi wa washiriki walikuwa wameshavuka miaka 60. Ndiyo maana leo umri wa kuanza, aina ya dawa na presha huangaliwa kwa makini.

Presha isiyotulia itibiwe kwanza. Presha iliyotulia kwa dawa haikuzuii, lakini ipimwe kabla ya kuanza, baada ya miezi mitatu, na kila unapokwenda kliniki. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana ghafla huku pumzi ikikatika, mdomo ukienda upande au mkono ukikosa nguvu, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali saa hiyohiyo.

12. Ni nani asitumie kabisa?

Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo, mwenye ugonjwa wa ini ulio hai, na anayetokwa na damu ukeni ambayo sababu yake haijajulikana. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu asipewe vidonge; kama kuna sababu kubwa ya kutumia njia ya ngozi, uamuzi huo ni wa bingwa. Kisukari peke yake si kizuizi.

Kwa wanawake hawa joto la ghafla lina dawa nyingine zisizo za homoni, miongoni mwake baadhi ya dawa za kutibu sonona kwa dozi ndogo, pamoja na gabapentini. Daktari huchagua kulingana na dawa nyingine unazotumia.

## Umri mkubwa

13. Nina miaka 63 na ovari zilitolewa miaka ishirini iliyopita. Nimechelewa kuanza?

Kwa tiba ya mwili mzima, kwa kawaida ndiyo. Mizani ya faida na hatari huwa nzuri zaidi kwa anayeanza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu estrojeni iliposhuka. Anayeanza baadaye hukuta mishipa ya damu imeshabadilika kwa umri, na hatari ya kiharusi na ya moyo huwa kubwa zaidi kwake. Hilo halimaanishi kwamba mlango umefungwa. Mama mwenye dalili zinazomnyima usingizi kila usiku, mwenye presha nzuri na asiye na historia ya mambo ya swali la 12, anaweza kujadiliana na bingwa kuhusu dozi ndogo ya kibandiko. Lakini asianze kwa ajili ya kubaki kijana, kulainisha ngozi au kulinda moyo.

Inaniuma kwamba wanawake wengi waliotolewa ovari wakiwa na miaka 35 au 40 hawakuelezwa lolote wakati ule ambapo tiba ingewafaa zaidi. Mwanamke aliyepoteza ovari kabla ya miaka 45, kama hana kizuizi, anashauriwa kutumia estrojeni angalau mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, hata kama hana joto la ghafla, kwa sababu mifupa na moyo wake vinaihitaji. Kama anayesoma haya ana umri huo sasa, asingoje dalili.

14. Nimetumia tangu nikiwa na miaka 48. Sasa nina 66. Ni lazima niache?

Hakuna umri uliowekwa wa kumwachisha kila mtu. Kila mwaka kaeni na daktari mpime kama sababu ya kutumia bado ipo, dozi ipunguzwe hadi ile ndogo inayotosha, na kama unameza vidonge, mwulize kuhusu kuhamia kwenye ngozi. Ukitaka kuacha, unaweza kupunguza taratibu kwa miezi michache. Joto likirudi, wengine huona linatulia lenyewe, na wengine huamua kuendelea na dozi ndogo.

15. Joto limekwisha, lakini nina ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na UTI inayorudi kila mwezi. Nifanyeje?

Dalili hizi hazipungui kwa umri, huzidi. Estrojeni ikikosekana, ngozi ya uke na ya njia ya mkojo huwa nyembamba na kavu, bakteria walinzi hupungua, na maambukizi hupata nafasi. Mama hupewa dozi moja ya antibiotiki baada ya nyingine, mkojo hupimwa mara kwa mara, na chanzo hakiguswi. Wapo wanaoona haya kulitaja jambo hili mbele ya daktari kijana wa umri wa mjukuu. Kama ni hivyo, omba kuonwa na muuguzi au daktari mwanamke. Ni ombi la kawaida na halimkosei mtu.

Tiba yake ni estrojeni ya kuweka ukeni, iwe krimu au kidonge kidogo, kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki kwa muda mrefu. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, kwa hiyo hata mwenye miaka 75 anaweza kuanza, na yale yaliyosemwa kuhusu kuchelewa katika swali la 13 hayahusiki hapa. Huponya ukavu na hupunguza UTI za kurudiarudia, ingawa huchukua hadi miezi mitatu kuonyesha nguvu yake yote. Kilainishi cha maji husaidia wakati wa tendo. Usijisafishe ndani kwa sabuni, dettol, ndimu au majani; huongeza ukavu uleule unaoukimbia.

16. Itanisaidia mifupa na kumbukumbu?

Mifupa, ndiyo, kwa muda wote unaoitumia. Ukiacha, ulinzi huo hupungua. Kwa mama wa miaka 65 ambaye tatizo lake pekee ni mifupa, zipo dawa nyingine zinazofaa zaidi. Maziwa, dagaa wanaoliwa na miiba yake, jua la asubuhi na kazi ya kutembea ukibeba mzigo wa kiasi hujenga mifupa. Kumbukumbu, hapana: usianze homoni baada ya miaka 65 kwa matumaini ya kuzuia usahaulifu.

## Hali za pekee

17. Mlango wa kizazi uliachwa. Kuna tofauti?

Ipo. Wakati mwingine kipande cha utando wa kizazi hubaki juu ya mlango, na estrojeni peke yake inaweza kukikuza. Daktari anaweza kukupa projesteroni kwa miezi michache aone kama utatokwa na damu. Ukitokwa na damu, utando upo na utahitaji homoni zote mbili. Pia unaendelea kuhitaji uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, tofauti na aliyetolewa kizazi pamoja na mlango wake kwa ugonjwa usio saratani.

18. Nilitolewa kizazi kwa sababu ya endometriosisi.

Endometriosisi ni ugonjwa ambao utando unaofanana na ule wa ndani ya kizazi huota nje yake, na mabaki yake tumboni yanaweza kuamshwa na estrojeni. Kama ulikuwa umesambaa sana, baadhi ya mabingwa huongeza projesteroni. Maumivu ya zamani yakirudi baada ya kuanza tiba, usiyavumilie kimya.

19. Nilitibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Naruhusiwa?

Mara nyingi ndiyo. Aina iliyo ya kawaida zaidi ya saratani hii, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, haitegemei estrojeni, na wanawake wengi waliopigwa mionzi hupoteza kazi ya ovari wakiwa bado vijana. Uamuzi ufanywe na kituo kilichokutibu, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwa kuangalia majibu ya kinyama. Waliobakiwa na kizazi baada ya mionzi hawahusiki na ushauri wa estrojeni peke yake. Saratani ya utando wa kizazi na baadhi ya zile za ovari ni suala tofauti, na bila kauli ya bingwa wa saratani usianze.

20. Natumia ARV, au dawa za kifua kikuu, au za kifafa.

Zitaje zote. Rifampisini ya kifua kikuu, na karbamazepini na fenitoini za kifafa, huharakisha ini kuisafisha estrojeni, hivyo dozi inaweza kuonekana haifanyi kazi. Efavirenzi, mojawapo ya ARV, nayo inaweza kupunguza estrojeni. Mseto wa ARV wenye dolutegravi hauna shida hiyo. Estrojeni ya vidonge, kwa upande wake, inaweza kushusha kiwango cha lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, mwilini, na kumlazimu anayetumia dawa ya tezi kuongezewa dozi.

21. Nina selimundu.

Selimundu yenyewe huongeza uwezekano wa damu kuganda. Vidonge vya estrojeni viepukwe, na njia ya ngozi ijadiliwe kati ya bingwa wa wanawake na daktari wa kliniki yako ya selimundu. Estrojeni ya ukeni, iliyoelezwa katika swali la 15, ndiyo isiyo na wasiwasi mkubwa.

22. Nimeona damu ukeni, na kizazi sina. Inawezekana vipi?

Inawezekana. Damu inaweza kutoka kwenye ngozi kavu iliyochubuka, kwenye mshono wa juu wa uke, kwenye mlango wa kizazi ulioachwa, kwenye njia ya mkojo, au kwenye uvimbe ambao haujagunduliwa. Usiongeze wala kupunguza dozi ukidhani ni hedhi imerudi. Andika siku uliyoona damu na kiasi chake, nenda ukachunguzwe kwa kipimo cha kuangalia ndani ya uke ndani ya siku chache, na ubebe dawa zako zote pamoja na ile karatasi ya kuruhusiwa iliyotajwa katika swali la 2.